Ukisikia "mfumo umekosea", uliza sharti limeandikwaje

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wote hapo chumba cha habari. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, barua yenyewe ni ndefu lakini nimekaa nayo moyoni muda mrefu, mkipunguza punguzeni ila ile sehemu ya mabano naomba ibaki.

Mimi natengeneza mifumo ya kompyuta, naishi Sinza, na kazi zangu nyingi ni za ofisi ndogo ndogo hapa Dar, maduka ya Kariakoo, famasi, vikoba, madalali wa nyumba, watu wa mizigo. Na kila ninapoenda nakutana na sentensi ileile, mfumo umekosea. Unaenda kuulizia kitu unaambiwa mfumo unaonyesha unadaiwa, unauliza mbona jina langu halipo kwenye orodha unaambiwa mfumo haujakuleta, na dada wa kaunta hana la kukueleza zaidi na wala sio kosa lake, yeye anaona kioo tu kama wewe. Mazungumzo yanaishia hapo na mtu anarudi nyumbani Chanika au Bunju na nauli imeshaliwa. Sasa mimi ninayekaa upande wa pili wa hicho kioo nataka kusema kwamba mara nyingi sana kilichokosewa ni kitu kidogo na kinaonekana kwa macho kabisa, nacho ni sharti. Kuna mtu alikaa akaandika masharti ya nani aingie kwenye list na nani abaki nje, akayaandika vibaya, na hakuna aliyeyasoma tena baada yake.

Najua kwa sababu mimi mwenyewe nimeshafanya hivyo.

Miaka kadhaa nyuma nilipewa kazi na ofisi moja ya mikopo midogo, jina nalihifadhi. Walitaka meseji za kukumbusha deni zitoke zenyewe kila asubuhi. Bosi akanieleza kwa mdomo vizuri tu, nitafutie wateja wa tawi la Mbagala ambao bado wana salio, na ambao ama tarehe yao ya mwisho imepita au wamekosa marejesho mawili. Nikaandika jioni hiyohiyo, nikajaribu kwa majina matano ya kwangu ya uongo, ikakubali, nikaweka hewani. Kesho yake saa mbili na nusu asubuhi simu ya ofisi ikaanza kuita na haikunyamaza. List iliyotakiwa kuwa ya watu arobaini na kitu ilienda kwa mamia, matawi yote, na wengi wao walishamaliza kulipa zamani.

Yupo mama mmoja wa Tandika, anauza samaki wa kukaanga, alikuja mpaka ofisini na risiti zake zote kwenye mfuko wa rambo. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, akakaa, akaanza kuzipanga mezani moja moja kwa tarehe. Alikosa marejesho mawili kipindi mtoto wake amelazwa, halafu akalipa yote mpaka shilingi ya mwisho. Meseji ya "unadaiwa" ilimkuta simu ikiwa mkononi kwa mume wake, na mume hakuwahi kujua kama kulikuwa na mkopo. Akaniuliza, sasa baba, hii kompyuta haikuona kwamba nimelipa? Sikuwa na jibu siku ile. Jibu ni kwamba kompyuta iliona. Sharti nililoandika ndo lilisema isijali.

Ngoja nieleze ilivyokuwa maana hapa ndo penyewe. Databesi ni kama makabati ya mafaili yaliyopangwa, kila jedwali lina mistari na kila mstari ni mtu mmoja au muamala mmoja. Ukitaka kitu unaiuliza swali, sisi tunaita kwiri, na lugha ya kuulizia inaitwa SQL, waliianzisha Donald Chamberlin na Raymond Boyce wakiwa IBM huko Marekani, andiko lao likatoka 1974. Ndani ya swali kuna sehemu inayoanza na neno WHERE na hiyo ndo chekeche yenyewe, chochote ukiandika baada ya hapo ndo kinaamua nani anapita. Siku hizi wengi hatuandiki hiyo SQL kwa mkono, tunatumia kitu kinaitwa kwiri bilda, yaani unaita vipande vidogo vidogo, chukua jedwali la wateja, weka sharti hili, ongeza na lile, panga kwa tarehe, halafu yenyewe inakuandikia swali zima. Laravel inayo, CodeIgniter inayo, Doctrine inayo, karibu kila fremuweki, yaani vifaa tayari vya kujengea mifumo, inayo. Ni nzuri, inaokoa muda, na ina usalama ambao nitausema mbele. Lakini kwa sababu masharti yanaongezwa kimoja kimoja, mstari chini ya mstari, macho yanayaona kama orodha ya vitu vya sokoni, unasahau kwamba mwisho wake yote yanaungana kuwa sentensi moja na sentensi hiyo ina maana yake.

Mimi niliandika where tawi ni Mbagala, where salio ni zaidi ya sifuri, where tarehe imepita, orWhere marejesho yaliyokosekana ni mawili au zaidi. Mistari minne, imenyooka, inapendeza. Kwiri bilda ikatoa hivi:

WHERE tawi = 'Mbagala' AND salio > 0 AND tarehe < leo OR marejesho_yaliyokosekana >= 2

Sasa mkumbuke darasani, MAGAZIJUTO. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kila mtoto aliyesoma shule ya msingi hapa nchini anajua 2 + 3 × 4 ni 14 na sio 20 kwa sababu kuzidisha kunaanza. Databesi nayo ina MAGAZIJUTO yake, AND, yaani NA, inashika kabla ya OR, yaani AU. Kwahiyo ile sentensi yangu ilisomwa kwamba mlete mtu wa Mbagala mwenye salio ambaye tarehe imepita, AU mlete mtu yeyote yule, popote alipo, awe na deni asiwe na deni, ilimradi aliwahi kukosa marejesho mawili. Ile AU ilifungua mlango wa uani, na mama wa Tandika akaingizwa kupitia huo. Kilichokosekana ni mabano mawili tu, moja kabla ya tarehe na moja baada ya ile mbili ya mwisho. Kwenye kwiri bilda mabano yanawekwa kwa kufunga yale masharti mawili kwenye fungu lao, Laravel unaipa where kijifanksheni, yaani kipande kidogo cha maelekezo, ndani yake unaweka hayo mawili, CodeIgniter kuna groupStart na groupEnd, Django, fremuweki nyingine, wanatumia kitu kinaitwa Q. Dakika moja. Kazi ya dakika moja ndo ingemwondolea mama wa watu aibu ile.

Mhariri, nimefundisha vijana kadhaa tangu hapo, wengine wametoka vyuoni na vyeti vizuri, na nimegundua kitu ambacho naomba wasomaji wanaofundisha wakitilie maanani. Shida kubwa ya masharti inaanzia kwenye lugha, kompyuta inakuja baadaye. Tunafundishwa AND na OR kama maneno ya kukariri, halafu maelezo ya kazi tunapewa kwa Kiswahili, na hakuna anayetuonyesha daraja la kutoka huku kwenda kule. Chukua bosi anayesema "nitolee wateja wa Temeke na Ilala". Amesema NA. Kijana anaandika where wilaya ni Temeke, chini yake where wilaya ni Ilala, anapata sifuri, anakaa nusu siku anadhani databesi imekufa. Haijafa. Imetafuta mtu mmoja ambaye kwenye mstari wake uleule wilaya yake ni Temeke na papo hapo ni Ilala, mtu huyo hayupo. NA ya bosi ilikuwa ya kuunganisha mafungu mawili ya watu, nileteeni hawa na wale, na kwa databesi hiyo ni OR, au bora zaidi whereIn, ambayo unaipa orodha, wilaya iwe mojawapo ya hizi. Wakati huohuo bosi akisema "nitolee wateja wa Temeke na wana deni", hiyo NA nyingine sasa ni AND kweli. Neno moja, kazi mbili, na sisi tunaoongea tunaelewana bila hata kufikiri kwa sababu tunajua mtu hawezi kuishi wilaya mbili kwenye fomu moja. Mashine haijui hilo.

Ila angalia upande wa kukataa, hapo Kiswahili kimetubeba kuliko tunavyojua. Bosi anasema "wasiwe wa Temeke wala Ilala". Hili neno WALA naliheshimu sana. Kijana anaona kuna mambo mawili ya kuchagua, anaandika wilaya sio Temeke OR wilaya sio Ilala, na kila mtu anapita, wote, maana wa Temeke sio wa Ilala kwahiyo kapita kwa sharti la pili, na wa Ilala sio wa Temeke kapita kwa la kwanza. Chekeche isiyozuia hata punje. Lakini WALA maana yake ni na-sio, wasiwe wa Temeke NA-SIO wa Ilala, ukiifasiri hivyo tu unaandika AND na unapata jibu sahihi. Nimekaa na vijana nikawaambia futeni hicho Kiingereza, niambie kwanza kwa mdomo kama unamwambia konda nani apande na nani asipande, na mara tatu kati ya nne wanajirekebisha wenyewe kabla hata sijafungua mdomo. Kwanini hatufundishi hivi tangu mwanzo? Hiyo SQL yenyewe wenzetu waliitengeneza ifanane na maneno yao ya kila siku ili mtu asiye fundi aweze kuuliza, sisi tukaichukua kama alama za kukariri.

Nije kwenye sifa ya kwiri bilda maana nisionekane naiponda, naitumia kila siku na siwezi kurudi nyuma. Mfano mzuri ni madalali. Nilimtengenezea dalali mmoja wa Kijitonyama ukurasa wa kutafuta vyumba, mteja anachagua mtaa, bei ya mwisho, chumba cha kawaida au masta, luku yake mwenyewe au ya kuchangia, kodi ya miezi mitatu au sita. Sasa hakuna mtu anayejaza vyote. Mmoja anajali luku tu, mwingine anataka Mwenge chini ya laki mbili, basi. Zamani tulikuwa tunaunganisha maneno kwa mkono, kama mtaa umejazwa bandika AND mtaa, kama bei imejazwa bandika AND bei, na ili AND ya kwanza isining'inie tulikuwa tunaanza na WHERE 1=1, sharti ambalo kila mtu anapita, halafu ndo tunabandika mengine. Ilikuwa inafanya kazi lakini ukisahau nafasi moja swali zima linavunjika. Kwiri bilda inaondoa hiyo taabu, unaambia tu kama mtaa umejazwa ongeza sharti hili, kama haujajazwa ruka, Laravel wana when kwa kazi hiyohiyo, na inaunganisha yenyewe vizuri.

Na ule usalama niliousema. Ukibandika maneno ya mteja moja kwa moja ndani ya swali, mtu mwenye nia mbaya anaweza kuandika kwenye kisanduku cha jina kipande cha SQL badala ya jina, akaongeza OR yake mwenyewe yenye sharti la kweli daima, na databesi ikamfungulia kila kitu. Mchezo huu umeandikwa hadharani tangu 1998 na bado unawala watu. Kwiri bilda nyingi zinaweka alama ya kuuliza mahali pa jina na jina lenyewe zinalituma pembeni, databesi inalichukua kama jina tu hata kama limeandikwa maneno ya ajabu. Lakini kinga hiyo ni ya zile thamani, jina la safu, yaani kichwa cha kila sehemu ya jedwali kama bei au tarehe, halikingwi, kwahiyo kama unamruhusu mteja achague kupanga kwa bei au kwa tarehe, linganisha alichochagua na orodha yako mwenyewe kwanza. Na ukitumia zile njia za kuandika SQL ghafi ndani ya bilda umeshajivua kinga, hapo ni juu yako.

Sasa hatari. Hilo sharti la kuruka kama halijajazwa ni zuri kwenye kutafuta chumba, ila likihamia kwenye kufuta au kubadilisha taarifa ni moto. Fikiria umeandika futa oda zote za mteja huyu, kama namba ya mteja ipo ongeza sharti. Siku namba ikija tupu kwa sababu yoyote, fomu imekatika, mtandao umeyumba, sharti linarukwa, na kinachobaki ni futa oda zote, nukta. Databesi haitauliza una uhakika. MySQL, aina moja ya databesi, ukiitumia kwa mkono ina hali ya tahadhari inayokataa kubadilisha au kufuta bila sharti la ufunguo, yaani safu kama namba ya mteja inayotambulisha mstari, lakini mara nyingi lazima uiwashe wewe. Mimi sheria yangu sasa ni kwamba kwenye kufuta na kubadilisha hakuna sharti la hiari, thamani ikikosekana programu isimame ipige kelele.

Hivyohivyo kwa lile sharti la mipaka, yaani huyu mfanyakazi aone wateja wa tawi lake tu, duka hili lione mauzo yake tu. OR moja iliyokosa mabano pembeni yake inalivunja na tawi la Tegeta linaanza kusoma namba za simu za wateja wa Gongo la Mboto. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na wengi tukiisoma tunafikiria wezi wa mtandaoni wenye kofia nyeusi, hatufikirii mabano.

Kuna jingine ambalo linawaumiza watu kimyakimya, nalo ni nafasi tupu. Kwenye databesi safu isiyojazwa inaitwa NULL, na NULL sio sifuri wala sio neno tupu, maana yake ni haijulikani. Ukiuliza nani wilaya yake ni Temeke, asiyejazwa wilaya haji, sawa. Ukiuliza nani wilaya yake sio Temeke, haji pia! Kwa sababu databesi inasema sijui anaishi wapi, siwezi kusema ni kweli, na WHERE inapitisha kilicho kweli tu. Kwahiyo mtu huyu hayupo kwenye orodha ya ndani wala ya nje, ukizijumlisha orodha mbili hazifikii idadi ya watu wote na hakuna anayejua wamepotelea wapi. Nimewahi kukuta hivyo kwenye rejista ya kikundi kimoja cha wazee, waliopotea ni wale waliojaziwa fomu na wajukuu haraka haraka na kisanduku cha wilaya kikaachwa. Mzee anaenda anaambiwa haupo Temeke, anaenda meza ya pili anaambiwa haupo huku pia. Dawa yake ni sharti moja zaidi ndani ya mabano, wilaya sio Temeke au wilaya haijajazwa, na kwenye kwiri bilda ni whereNull, ukiandika sawa na NULL kwa alama ya sawasawa kwenye SQL ya mkono hupati hata mtu mmoja.

Tarehe nisiziache maana mwaka wa fedha wa serikali unafungwa 30 Juni na ofisi nyingi nazo zinafuata hapohapo, ripoti zinatoka na mapungufu yanaanza kutafutiwa mchawi. Ukiandika whereBetween, sharti la kati ya tarehe hii na ile, kuanzia 1 Julai mpaka 30 Juni na safu yako inatunza tarehe pamoja na saa, ile 30 Juni inasomwa kama saa sita kamili usiku siku inapoanza. Mauzo yote ya siku ile ya mwisho, asubuhi mpaka jioni, yamebaki nje. Nimeona muhasibu akilaumiwa kwa siku nzima ya mauzo ambayo ilikuwepo muda wote. Andika kuanzia 1 Julai na kuendelea, na iwe kabla ya 1 Julai inayofuata, basi. Na juu ya hilo seva nyingi, kompyuta zinazohifadhi mifumo, zinatunza muda wa kimataifa wa UTC na sisi tuko mbele kwa masaa matatu, Laravel yenyewe ukiisakinisha inaanza na UTC, kwahiyo tiketi iliyokatwa Mbezi saa saba usiku tarehe 1 kwa seva bado ni saa nne usiku ya jana yake. Watu wa mabasi ya alfajiri na famasi zinazokesha wanajua maumivu haya.

Sasa utaniuliza, Mhariri, haya si mambo ya mafundi, gazeti linahusikaje. Nakuandikia wewe kwa sababu mbili. Ya kwanza, hiyo Django niliyoitaja juu, inayotumika dunia nzima, ilizaliwa ndani ya ofisi ya gazeti, gazeti la mji mdogo wa Lawrence jimbo la Kansas huko Marekani, Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wafanyakazi wa pale na walihitaji kutengeneza kurasa haraka kwa muda wa gazeti, wakaanza 2003 na ikatolewa kwa watu wote 2005. Waandishi na watu wa data ni ndugu, wote kazi yetu ni kuuliza maswali na swali likiulizwa vibaya jibu linapotosha.

Ya pili ndo ombi lenyewe. Mwandishi wenu akienda kwenye habari ya watu waliokosekana kwenye orodha fulani, au waliotumiwa madai wasiyodaiwa, na msemaji akasema ni hitilafu ya mfumo, naomba asiandike hivyo akaondoka. Amuulize, sharti la kuingia kwenye orodha hii ni lipi, naomba unisomee kwa Kiswahili. Na waliokuwa na nafasi tupu kwenye fomu mliwaweka wapi. Na kabla ya kutuma mlihesabu ni watu wangapi na mkalinganisha na mliotarajia? Maswali hayo hayahitaji digrii ya kompyuta na msemaji akishindwa kuyajibu basi nayo ni habari.

Kwa madevelopa wenzangu, wa pale Kijitonyama na kwingine, kwenye Laravel amri ya toSql ipo, inaonyesha swali zima bilda ililoandika, ichapeni hiyo sentensi muisome kwa sauti kabla ya kuweka hewani, hesabuni kwanza tumeni baadaye, na mkiona OR iulizeni mabano yake yako wapi. Kwa mnaohama kutoka bilda moja kwenda nyingine, angalieni sana, kwenye Laravel ukiita where mara mbili zinajumlishwa, kwenye Doctrine ya pili inaifuta ya kwanza, pale inatakiwa andWhere. Mtu amezoea huku anaenda kule anapoteza sharti la tawi na hakuna kosa linaloonekana kwenye kioo. Na mabosi, tafadhali, mkitoa kazi toeni na mifano ya watu, huyu aingie kwa sababu hii, huyu asiingie kwa sababu hii, hata kumi tu, ndo tunajaribia hizo.

Mimi sasa hivi nikimaliza kuandika masharti namwita yule anayekaa kaunta, sio bosi, nakaa naye na chai, namsomea sharti moja moja kwa Kiswahili na yeye ananitajia wateja anaowakumbuka. Kwenye ile ofisi ya mikopo dada wa kaunta alisikia sentensi ya kwanza tu ya masharti mapya akanikatisha, akauliza, na wale waliokosa mbili halafu wakamaliza kulipa, kama yule mama wa samaki?

Wako msomaji wa siku nyingi,
mtengeneza mifumo,
Sinza, Dar es Salaam